Chupa ya porto ya 1985 ina ukoko ndani: tumwage, tuuze au tunywe?

*"Habari ya kazi mtaalamu. Sisi tuko Uingereza, kuna mzee jirani yetu alihamia kwa binti yake, siku anahama akatupa chupa moja imeandikwa Vintage Port 1985, akasema tu hii msiifanyie haraka. Mume wangu kazaliwa 1985 kwa hiyo tukasema tutaifungua siku yake ya kuzaliwa. Nimeiweka juu ya kabati la jikoni, usawa wa jiko, imesimama, mwaka na nusu sasa. Juzi naipangusa vumbi naona ubavuni kuna kitu kimegandia ndani kama ukoko wa wali, alafu nje kuna doa la rangi nyeupe nimesugua mpaka nimechoka halitoki. Shoga yangu anasema imeoza nimwage. Shemeji anasema port haiharibiki, hata ukifungua unakaa nayo mwaka mzima, na kadiri inavyozeeka ndo inavyozidi utamu. Nani mkweli? Alafu niliwahi kuonja port ya supamaketi nikaona ni tamu tamu tu kama dawa ya kikohozi, hao wanaoisifia wanasikia nini ambacho mi sisikii? Mume wangu ana sukari anatumia vidonge, aonje au aache? Au tuiuze tu yaishe?"*

Dada yangu, kwanza kabisa usimwage. Pili, ishushe hapo juu ya kabati sasa hivi, usisubiri umalize kusoma. Ishike ikiwa wima hivyo hivyo, usiilaze, usiitikise, ipeleke kwenye kile kikabati cha chini ya ngazi au popote ndani ya nyumba penye giza na ubaridi usiopanda na kushuka, alafu rudi tuongee.

Umerudi? Haya. Shoga yako kakosea, shemeji kakosea mara mbili, na wewe hujakosea kitu isipokuwa hilo la jiko.

Tuanze na ukoko, na nimecheka ulivyouita hivyo maana Waingereza wenyewe wanauita kwa neno lao la ganda la mkate, yaani wewe na wao mmeona kitu kile kile. Ili uelewe umetoka wapi inabidi nikurudishe shambani. Mvinyo wa Porto unatoka sehemu moja tu, bonde la mto Douro kaskazini mwa Ureno, milima mikali ya mawe iliyokatwa matuta kama ngazi, kiangazi jua linawaka kwelikweli. Mipaka ya eneo hilo iliwekwa mwaka 1756 enzi za Markizi wa Pombal, wakasimika nguzo za mawe kabisa, mvinyo wa nje ya hapo hata uwe mzuri vipi sio porto. Zabibu zikivunwa zinatiwa kwenye mabirika mapana ya mawe na watu wanaingia kwa miguu kuzikanyaga, wameshikana mabega, masaa na masaa, wanakwenda hatua moja moja kama kwata. Siku hizi mashine zipo ila kwa mvinyo wa daraja la juu wengi bado wanapenda miguu, kwa sababu mguu unakamua ganda bila kuvunja kokwa, na kokwa ikivunjika inatoa uchungu. Wana siku mbili tatu tu za kutoa rangi na ukakasi wote kwenye maganda. Zikiisha, sukari ya zabibu ikiwa imebaki karibu nusu, wanamwagia pombe kali ya zabibu ya asilimia 77, kama lita 1 kwa kila lita 4 za mvinyo, hamira inakufa na kuchachuka kunasimama papo hapo.

Kwa hiyo ule utamu hakuna mtu aliyekoroga sukari, ni sukari ya zabibu yenyewe iliyookolewa kabla hamira haijaimaliza, na nguvu yake inafika kama asilimia 20 wakati mvinyo wa kawaida unacheza kwenye 12 mpaka 14. Wengi wetu mvinyo mtamu wa kwanza kuujua ni dompo la Dodoma, tukabaki na wazo kwamba utamu ni wa kuficha ubovu. Hapa sivyo.

Kutoka hapo ndo kwenye njia panda, na ukiielewa hii njia panda hutababaishwa tena na lebo yoyote. Kuna porto inayozeekea kwenye pipa na kuna inayozeekea kwenye chupa. Ya pipa, ambayo lebo yake inaandikwa Tawny, au Colheita kama ni ya mwaka mmoja, inakaa kwenye mbao miaka saba, kumi, ishirini na zaidi, mbao inapitisha hewa kidogo kidogo, rangi inageuka ya kahawia, mashapo yanabaki pipani, ikifika kwenye chupa imeshaiva kama ndizi iliyotolewa kwenye mvundiko, huna cha kusubiri. Vinteji yenyewe inakaa pipani miaka miwili hivi tu, inatiwa kwenye chupa bila kuchujwa ikiwa nyeusi kama wino na inakaza ulimi kama bibo bichi. Mvundiko wake ni hiyo chupa. Humo ndani gizani, chembe za rangi na chembe za ukakasi, tanini wanaziita, zinaanza kushikana, moja inang'ang'ania nyingine, mpaka zinakuwa nzito haziwezi tena kuelea, zinazama na kugandia upande wa chini wa chupa iliyolazwa. Kila kilichozama pale ni ukali uliotoka kwenye mvinyo. Kwa hiyo huo ukoko ni ukorofi wa ujana wa hiyo chupa umewekwa pembeni, na vinteji ya 1985 ambayo haina hata punje ya mashapo ndo ingenitia wasiwasi mimi.

Na lile doa jeupe, tafadhali acha kulisugua! Zamani chupa zililazwa kwenye maghala yenye unyevu, lebo ingeoza, kwa hiyo walipiga brashi ya rangi nyeupe upande wa juu, ili chupa ikihamishwa popote ilazwe tena upande ule ule na ukoko usivurugike. Baadhi ya makampuni yanaendelea nayo mpaka leo kama mila. Sasa angalia kitu kimoja, lakini kwa macho tu bila kuigeuza geuza: doa liko upande gani na ukoko uko upande gani? Kama vinatazamana, doa huku na ukoko kule, hiyo ni habari nzuri sana, maana yake mzee wenu aliilaza sawasawa miaka yote bila kuipindua. Kama bado una namba yake mpigie umuulize aliiweka wapi na aliinunua lini, jibu lake litakusaidia kuliko utabiri wangu wote wa hapa.

Angalia lebo pia uhakikishe, kwa sababu mwaka kuandikwa kwenye chupa peke yake hakufanyi iwe vinteji. Kuna hiyo Colheita niliyosema, na kuna LBV, kifupi cha Late Bottled Vintage, ambayo imekaa pipani miaka minne mpaka sita ndo ikatiwa kwenye chupa, zote zinaandikwa mwaka. Wewe umesema neno Vintage lipo na ukoko upo, basi naamini ndo yenyewe. Vinteji haitoki kila mwaka. Kampuni inaionja mavuno yake, ikiridhika inapeleka sampuli kwenye taasisi ya serikali inayosimamia mvinyo wa Douro na Porto, ikikubaliwa ndo inatangaza mwaka, na kwa kawaida ni kama mara tatu tu kwenye miaka kumi. 1985 karibu majina yote makubwa walitangaza. Mume wako kazaliwa mwaka mzuri, wenzake wa 1984 hawana bahati hiyo. Waingereza tangu zamani wana desturi ya kumwekea mtoto porto ya mwaka aliozaliwa aje kuinywa akiwa mkubwa, sijui kama mzee alilifikiria hilo au ilitokea tu.

Sasa shemeji. Kosa lake la kwanza ni hilo la kufungua na kukaa nayo mwaka. Nadhani kachanganya na Tawny, ambayo imeshazoea hewa pipani, ukiifungua ukaiweka kwenye friji inakwenda hata mwezi na zaidi bila shida. Vinteji ya umri huu haijakutana na hewa ya kueleweka tangu miaka ya themanini. Siku ya kufunguliwa inachanua, kesho yake bado ipo, keshokutwa imeanza kuchoka, baada ya hapo unakunywa kumbukumbu. Kosa la pili ni hilo la kuzidi utamu. Sukari haiongezeki hata chembe ndani ya chupa, inayopungua ni rangi na ukakasi, ndo maana ulimi unahisi umelainika. Na wala sio kwamba kila mvinyo ukizeeka unakuwa bora, mvinyo mwingi unaouzwa duniani ni wa kunywewa ndani ya miaka michache, ukiuweka unakufa tu. Vinteji nayo ina kilele chake, inapanda taratibu, inakaa juu muda mrefu, alafu inashuka. Chupa ya 1985 iliyotunzwa iko pale juu, haina kubwa la kusubiri tena.

Hilo la jikoni. Kilichonisumbua zaidi ni joto, kusimama hakunisumbui hivyo. Ukipika chupa inapata joto, mvinyo unatanuka unasukuma kizibo, usiku unapoa unanywea, kizibo kinavuta hewa, na hivyo kila siku mwaka na nusu. Inaweza ikawa haijadhurika sana, porto ni ngumu kuliko mvinyo wa kawaida kwa sababu ya ile pombe na sukari, ila tuwe wakweli, inaweza pia ikawa imezeeka kuliko inavyotakiwa. Mulika na tochi ya simu uone mvinyo umefika wapi. Ukiwa shingoni au mwanzoni mwa bega, vizuri. Ukiwa umeshuka katikati ya bega na kuna michirizi inanata kwenye ile foili ya juu, ujue umevuja, nafasi ya kukuta mzuri ni ndogo ingawa sio sifuri. Usiitoboe foili kuchungulia. Na kwa kuwa imeshasimama na mtainywa karibuni, iache isimame, kuilaza sasa hivi ni kuvuruga tu.

Kuuza? Mi nakushauri kwa upole usijisumbue. Mnunuzi wa mnadani anataka kujua chupa ilikaa wapi, na ukisema ukweli kwamba ilikuwa juu ya jiko bei inaanguka, usiposema ukweli ndo hatuelewani mimi na wewe. Kuna ada ya mnada, kuna kusafirisha, na 1985 ilitengenezwa nyingi, sio chupa ya kujengea nyumba. Kama moyo bado unasita, piga picha ya lebo, ya usawa wa mvinyo na ya foili ya juu, watumie watu wa nyumba ya mnada, wengi wanakadiria bila kuchaji, ukiona hela waliyotaja inakushawishi basi uamuzi ni wako. Kuiweka miaka mingine kumi inawezekana kama hicho kikabati ni cha baridi, ila una chupa moja tu, huwezi kuonja uone imefika wapi. Ningekuwa mimi ningeinywa siku ya mume wako.

Haya, swali nililolipenda, wanasikia nini. Hiyo uliyoonja ya supamaketi najua karibu kwa hakika ilikuwa Ruby ya bei ya chini, changa, imetengenezwa iwe tamu na yenye matunda basi, alafu labda ilikuwa ya moto, imetiwa kwenye kale kaglasi kadogo kama ka kunywea dawa, na chupa imefunguliwa tangu Krismasi iliyopita. Hata mi ningesema dawa ya kikohozi. Kabla ya siku yenyewe fanyeni zoezi la bei nafuu: nunueni LBV moja iliyoandikwa haijachujwa, yaani Unfiltered, na Tawny moja ya miaka 10, kama kuna nusu chupa chukueni nusu. Mimina mbili pamoja uonje huku na huku. LBV itakupa zambarau, kwanza rangi ya zambarau kabisa, alafu ule ukali wa zambarau unaoacha ulimi umevaa soksi. Tawny itakupa korosho za kukaanga, maganda ya chungwa yaliyokauka, sukari iliyoungua kidogo. Vinteji ya umri wa mume wako itasimama mahali katikati ya hizo mbili, ila na kina ambacho hizo hazina, na kwa kuwa umeonja hizo kwanza ulimi wako utaitambua. Mtu ambaye hajawahi kuonja nyingine akipewa ya 1985 kwa mara ya kwanza huwa anasema "ni laini", basi, na chupa imekwisha.

Ukiimimina tumia glasi ya kawaida ya mvinyo mweupe, ujaze robo tu, nyuzi joto 16 mpaka 18, maana ikiwa ya moto pombe inakurukia puani kabla ya kitu kingine. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Katikati utaona wekundu uliofifia, pembeni rangi ya chai ya rangi au tofali. Usiizungushe kwanza. Leta pua taratibu, sio kuizamisha ndani, vuta kidogo, toa, vuta tena. Mara ya kwanza wengi wanasikia utamu tu. Mara ya tatu vinaanza kujitenga, tini zilizokauka, tende, zabibu kavu, karafuu kwa mbali, boksi la tumbaku, majani ya chai yenye unyevu, na nyingine zina kitu kama waridi lililokauka ndani ya kitabu. Usilazimishe kusikia vyote nilivyotaja, sema unachosikia wewe, kama ni kabati la nguo la bibi sema kabati la nguo la bibi.

Alafu onja kidogo sana, uache ukae juu ya ulimi, utafune kama chakula. Utamu unatangulia, sawa, huo kila mtu anausikia. Wewe subiri kinachofuata. Pembeni ya ulimi mate yatatoka, huo ni uchachu, na huo ndo unaotofautisha porto na dawa ya kikohozi maana dawa haina uchachu wa kuubeba utamu wake. Nyuma yake kuna ukakasi mdogo, kama chai nzuri isiyo na maziwa, halafu joto linashuka kifuani bila kuunguza. Ukishameza usiongee. Hesabu kimya kimya. Ruby ya supamaketi ukifika tano sita imeshapotea. Vinteji iliyoiva unaweza kufika thelathini, arobaini, bado ipo na bado inabadilika, umemeza tende ikaja karafuu, imeondoka karafuu kimebaki kitu kama kakao. Hicho ndo wanachokilipia hao watu. Na ile ile glasi ukiirudia baada ya nusu saa sio ile uliyoianza, kwa hiyo usimalize, bakiza kidogo kila mara.

Kufungua sasa, na hapa ntakuwa mrefu kidogo kwa sababu nimewahi kuharibu. Miaka ya mwanzo nikiwa mhudumu kwenye hoteli moja, mgeni kaagiza vinteji ya 1977, mimi kwa adabu zote nikaitoa stoo imelala, nikaipangusa vumbi, nikaipindua juu chini nisome lebo, nikaibeba kwenye trei ngazi mbili, nikaichomeka kizibuo kwa haraka, kizibo kikakatika katikati, nikakisukuma ndani, nikammiminia. Kilichotoka kilikuwa kama uji wa ulezi. Mgeni alikuwa muungwana, akaangalia glasi, akaniangalia, akasema tuiache ikae mpaka kesho. Bosi wangu hakuwa muungwana.

Ya kwenu imeshasimama, kwa hiyo mashapo yaliyolegea yameshuka chini, yaliyogandia ubavuni yatabaki hapo msipoyagusa. Siku yenyewe isogezeni taratibu, saa moja mpaka mbili kabla ya kula. Kata foili yote uitoe, ufute mdomo wa chupa kwa kitambaa chenye maji maana foili za zamani zilikuwa za risasi. Shingo za chupa za porto nyingi zimetuna katikati, kizibo kimevimba humo miaka yote, ukikivuta juu hakipiti vizuri kinakatika. Ukiweza pata kile kizibuo cha meno mawili bapa, kinachopenya pembeni ya kizibo badala ya kukitoboa, kama huna tumia cha parafujo ndefu uzungushe mpaka mwisho na uvute kwa pumzi moja polepole. (Parafujo, meza, mvinyo, yote hayo tuliyapata kwa Wareno walipokuwa pwani kwetu, kwa hiyo mtafungua chupa yao kwa maneno yao.) Wareno wana pia koleo la chuma wanalichoma mpaka liwe jekundu wanabana nalo shingo alafu wanapitisha kitambaa cha maji baridi, shingo inakatika safi pamoja na kizibo chake. Ni maonyesho mazuri kuyaangalia. Usijaribu nyumbani.

Kizibo kikikatika usipaniki, sio dalili ya kuharibika, ni uzee tu, vipande utavichuja. Weka jagi safi la kioo, juu yake chujio dogo na kitambaa cheupe cha pamba kilichosuuzwa kwa maji ya moto bila sabuni, sio kanga tafadhali, itatoa rangi na manukato ya sabuni. Washa tochi ya simu uilaze chini ya shingo ya chupa, umimine mfululizo kwa mkono mmoja usiotetemeka, usisimame ukaanza tena, kila ukisimamisha mashapo yanarudi nyuma na kuvurugika. Macho yako yawe shingoni, sio kwenye jagi. Utaona mvinyo unapita msafi, msafi, msafi, mara kamstari kama moshi wa sigara kanaingia. Simama hapo. Kitabaki kama nusu kikombe chini ya chupa, usikionee huruma.

Onja papo hapo tone moja. Harufu ya stoo iliyofungwa au pombe inayochoma pua dakika za mwanzo ni kawaida, baada ya nusu saa inaondoka. Ikiwa harufu ni boksi la karatasi lililolowa, na haiondoki bali inazidi, hicho kizibo kilikuwa na ugonjwa na hakuna dawa yake. Ikinuka siki au kile cha kufutia rangi ya kucha kwa nguvu, imekwenda. Ikiwa ya kahawia kabisa na inanuka sukari iliyoungua peke yake, ni jiko hilo, ila inanyweka, haimdhuru mtu. Kwa tahadhari, siku hiyo muwe na ile Tawny pembeni, 1985 ikigoma sherehe haisimami.

Chakula? Waingereza watakuambia jibini lao la bluu na karanga za walnati, na wana haki, chumvi ya jibini na utamu wa porto vinapatana vizuri mno. Mi naongeza korosho za kukaanga, na chokoleti nyeusi isiyo na sukari nyingi. Halua, kaimati na keki yenye krimu vipelekeni mbali na hii glasi, kitu kitamu kuliko mvinyo kinaufanya mvinyo uonekane umechacha. Keki ikatwe kwanza, mapumziko, ndo porto ije. Wageni wenu wasiokunywa watengenezeeni juisi nzuri ya zabibu kwenye glasi zile zile, wasikae wanatazama. Chupa inatosha watu wanane mpaka kumi kwa glasi ndogo.

La mume wako nitakuwa mkweli, mi mtu wa mvinyo sio daktari. Ninachoweza kukupa ni hesabu: porto ina kama gramu 100 za sukari kwa lita, kwa hiyo glasi ya mililita 75 ina kama gramu 7 au 8, karibu vijiko viwili vya chai, na pombe yake ni sawa na kachupa kadogo ka bia. Shida sio sukari peke yake, pombe inaweza kuishusha sukari ya mwili masaa kadhaa baadaye, usiku akiwa amelala, hasa kama hakula, na inategemea ni vidonge gani. Kabla ya hiyo siku apige simu kwa daktari wake au amuulize mfamasia, ataje jina la dawa na ataje glasi moja ya mililita 75. Wakisema hapana, anuse tu. Sitanii, nusu nzima ya raha ya chupa hii iko puani, nina rafiki aliacha pombe miaka mingi na bado tunamwita tukifungua za zamani, ananusa kila glasi kabla yetu na anatushinda kutaja.

Kikibaki cha jagini kiingize kwenye kachupa kadogo ujaze mpaka juu kabisa hewa isikae, friji, mmalize kesho yake. Na ile nusu kikombe ya mashapo kwenye chupa usimwage kwenye sinki. Ichuje tena, uitie kwenye mchuzi wa nyama ya ng'ombe dakika ishirini za mwisho, na kipande cha mdalasini.